Ukisikia valvu imenyamaza, ogopa

Mjomba wangu ana trekta, Massey Ferguson 135, alilolinunua likiwa tayari limezeeka, na mimi nimelifungua hedi, lile pande la chuma linalofunika silinda juu na kubeba valvu (vilango vya hewa na moshi), mara tatu. Mara ya kwanza niliiharibu injini mwenyewe. Naanza na hiyo, maana kosa nililolifanya naliona kila msimu wa kulima unapofunguka huku Nachingwea, tena likifanywa na watu wenye mikono mizuri tu.

Ilikuwa Desemba. Mvua za kwanza zimeshapiga, watu wa Naipanga wamepanga foleni kulimiwa mashamba ya mahindi na ufuta. Injini ilikuwa inalia juu, tik-tik-tik, kama cherehani. Mjomba akasema, "Mpwa, hiyo kelele inanitia aibu mbele ya watu." Nikafungua kifuniko cha roka (vile vikono vinavyosukuma valvu zifunguke), nikakaza skrubu za tapeti, zile za kurekebisha uwazi wa valvu, moja baada ya nyingine mpaka kelele ikakata. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, sikuishika. Injini ikatulia kabisa, mjomba akanipa hela ya soda. Siku ya nne trekta likakosa nguvu kwenye kimlima kidogo tu, na ekzosi, yaani bomba la moshi, ikaanza kupiga paf, paf, paf. Nilipoinua hedi, valvu ya ekzosi ya silinda ya pili ilikuwa imelika ukingoni kama chapati iliyong'atwa na mtoto.

Sababu yake ni hii. Valvu ikipata moto, mti wake, yaani mguu wake mrefu, unarefuka. Ule uwazi mdogo kati ya roka na kichwa cha mti umewekwa ili urefu huo upate pa kwenda. Ukiuziba, valvu haifungi mpaka mwisho. Valvu ya ekzosi hupoa kwa kukaa kwenye siti yake, ile duara ya hedi inayoikalia ikifunga: kila inapofunga, moto unahamia kwenye hedi na hedi inapozwa na maji. Isipokaa, moto hauna njia, na gesi inayopita kwenye ule upenyo inaukata ukingo kama moto wa kuchomelea. Kwa hiyo ile tik-tik ndogo si ugonjwa. Valvu inayolia kidogo ina nafasi. Iliyonyamaza ghafla, bila mtu kuigusa, ndiyo ya kukimbilia, kwa sababu ina maana siti imelika na valvu imezama, na uwazi umejifunga wenyewe.

Injini ninayoizungumzia ni Perkins ya dizeli ya silinda tatu, ile ya lita 2.5. Ukiwa na Massey Ferguson 35 ya silinda tatu, injini ni ya ukoo huo huo. Ina valvu sita, mbili kila silinda, na uwazi wake ni wa namba moja kwa zote: inchi 0.012 injini ikiwa baridi, yaani milimita 0.30. Ikiwa ya moto ni inchi 0.010, milimita 0.25. Mimi napima baridi, asubuhi, kabla hata ya chai, kwa sababu "ya moto" ya mtu mmoja siyo ya mwingine. Halafu kumbuka kwamba trekta hili limetoka Uingereza na nati zake ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inashika mara mbili, mara ya tatu inakula kona. Nunua spana chache za inchi kuukuu, zinatosha.

Sasa, usifungue kitu kabla hujasikiliza. Trekta linalotetemeka na kukosa nguvu laweza kuwa na shida ya valvu, ya nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda), ya gasketi (ya kuziba kati ya hedi na injini) au ya ringi (pete za pistoni), na kufungua hedi kwa sababu ya nozeli chafu ni kumwaga hela ya mwenye trekta. Mimi naanza hivi. Injini ikiwa silensa, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, nalegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko, kitambaa juu yake. Injini ikidorora, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Nakaza, nahamia ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo ukiilegeza injini haijali, umeikuta silinda iliyokufa. Mkono usiuweke mbele ya dizeli inayoruka: ina presha ya kupenya ngozi, na ikikupenya usisubiri kuona uvimbe, nenda hospitali hapo hapo.

Ukishaijua silinda, hamisha nozeli yake kwenye silinda jirani. Ugonjwa ukihama nayo, mpelekee mtu wa nozeli na uache valvu zipumzike. Ugonjwa ukibaki pale pale, sasa ndiyo tuzungumze kuhusu kompresheni, kule kuminywa kwa hewa ndani ya silinda.

Hapo natumia kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono, kimoja tu. Ncha moja sikioni, nyingine natembeza. Msaidizi anazungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele, ile kamba ya kuzimia ikiwa imevutwa ili isije ikawaka. Kwenye injini nzima utahisi ugumu mara tatu katika mizunguko miwili, kama kusukuma mlango wenye upepo nyuma yake. Kwenye silinda mbovu ugumu unayeyuka, na unasikia pumzi ikitoka: fsssss. Pumzi ikisikika kwenye bomba la ekzosi, valvu ya ekzosi haifungi. Ikisikika kwenye njia ya hewa, ile ya kuingizia. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au silivu (ala ambamo pistoni hupanda na kushuka), na hiyo ni hadithi nyingine na bei nyingine. Ukiona mapovu kwenye rejeta, angalia gasketi. Mwenye kompresa ya kujazia matairi anaweza kupuliza hewa kupitia tundu la nozeli, lakini pistoni iwe juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga, na asiwepo mtu aliyeacha spana kwenye puli. Hewa ikiisukuma pistoni, spana hiyo inaruka.

Moshi nao unasema, ila kwa kunong'ona. Moshi wa bluu mara tu unapowasha, au baada ya trekta kusimama silensa muda mrefu, halafu unapotea: oili inashuka kwenye gaidi za valvu, ile mirija inayoongoza miti yake. (Ndiyo, mafundi tunaziita gaidi, wala msishtuke, hazijamteka mtu.) Bluu isiyoisha hata ukilima ni ringi.

Kuna ugonjwa wa pili ambao huku kwetu ni mkubwa kuliko kuungua, nao ni valvu kunata. Trekta linalima Desemba mpaka Februari, halafu linaegeshwa chini ya mwembe mpaka Novemba. Valvu mojawapo lazima imebaki wazi pale injini iliposimama, unyevu ukaingia kwa bomba la ekzosi, mti ukashika kutu ndani ya gaidi. Na hiyo ni huku ndani. Kwa walioko Mikindani au Lindi mjini, penye upepo wa chumvi, ni mara mbili. Siku ya kwanza ya msimu mtu anapiga staa kwa nguvu za betri mpya, kamishafti (shafti yenye nundu inayofungua valvu) inasukuma, valvu haitaki kurudi, pushirodi (fimbo inayopeleka msukumo huo kwenye roka) inaruka kwenye kikombe chake au inapinda kama mshale wa mtoto.

Kwa hiyo trekta lililolala miezi, fungua kwanza kifuniko cha roka. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili ukiangalia: kila roka ishuke na ipande. Ikiwepo isiyopanda na imeacha uwazi wa kuingiza kidole, valvu imenata chini. Changanya dizeli na oili nyekundu ya gia za otomatiki nusu kwa nusu, dondoshea kwenye mti chini ya springi, acha usiku mzima. Asubuhi gonga kichwa cha mti kwa nyundo ya mbao, taratibu, pistoni ikiwa imeteremka. Ikishuka na kupanda mara ishirini kwa kugongwa, endelea kuinywesha. Pushirodi iliyopinda ibingirishe juu ya kioo; ikicheza, nyingine. Nakiri kwamba nimewahi kuinyoosha moja juu ya kipande cha reli ninachotumia kama fuawe, masalia ya ile reli ya Mtwara mpaka Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Reli hiyo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 lakini chuma chake bado kinapigiwa nyundo. Pushirodi ile ilimaliza msimu. Siwashauri.

Kama mpira umekuambia valvu inavuja na kunata siyo shida, hedi ishuke. Mwaga maji, toa bomba la hewa na la ekzosi, toa nozeli na uzibe matundu ya mabomba kwa vitambaa safi. Shafti ya roka ilegezwe nati zote kidogo kidogo kwa zamu, maana springi zinaisukuma, na ukitoa upande mmoja wote unaipinda. Pushirodi nazichomeka kwenye boksi la sabuni nililotoboa matundu sita, nikaandika namba kwa kalamu. Kila moja irudi ilikotoka. Nati za hedi zifunguliwe injini imepoa kabisa, kuanzia pembeni kuja katikati. Hedi isipotoka, usichomeke bisibisi kwenye gasketi. Igonge ubavuni kwa gogo, itaachia.

Mjomba hupenda kusimama hapa. "Sasa mpwa, ni ipi?" Mara ile ya pili nilimwonyesha kwa kidole bila kusema. Valvu nzima inakuwa na rangi moja ya kahawia au kijivu mduara mzima. Inayovuja ina mstari wa rangi tofauti unaokatiza ukingo, kama njia ya siafu, na hapo ndipo gesi ilipopita.

Kutoa valvu unahitaji klemu ya kukandamiza springi na sumaku ya kunasa vile vikufuli viwili vidogo vinavyoshika shingo ya mti. Vikipotea mchangani umekwisha, kwa hiyo tandika shuka kuukuu. Weka alama za nukta kwenye kila valvu, moja mpaka sita. Halafu zipime kwa macho na vidole. Inyanyue valvu kama sentimita moja na nusu kutoka kwenye siti na uitikise kushoto kulia: ikicheza waziwazi, gaidi imekwisha, na kusaga hakutasaidia kwa sababu kila ikifunga itakaa mahali tofauti. Ukingo wa valvu uwe na unene. Ukiwa umekuwa mkali kama kisu, tupa, maana ukingo mwembamba unashika moto kwanza. Springi zisimamishe zote juu ya kioo. Iliyo fupi kuliko wenzake au iliyoinama, badilisha.

Kusaga ndiko ninakokupenda. Unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo, kidogo, kama unavyopaka wanja, kwa sababu ikidondokea kwenye gaidi itaila gaidi. Kama huna kile kijiti chenye mpira wa kunyonya, chukua kipande cha mpira wa dizeli, kivalishe kwenye mti upande wa pili, ukisokote kati ya viganja viwili kama anayepekecha moto, huku ukiivuta valvu kwa wepesi. Nenda rudi, nenda rudi mara kumi, inyanyue, igeuze robo, rudia. Kuigeuza ndiko kunakofanya mduara uwe mduara. Mwanzoni inasaga kama mchanga kwenye meno. Baadaye sauti inalainika mpaka inakuwa kama kufuta kioo kwa karatasi. Hapo futa, badili dawa ya chengachenga kwa ile laini, malizia.

Angalia ukingo: unataka mstari wa kijivu, usiong'aa, mwembamba, usiokatika popote. Kisha chora mistari kumi na miwili ya penseli kukatiza siti, mithili ya namba za saa, rudisha valvu kavu, izungushe robo mara moja. Mistari yote ikikatika, imekaa. Mmoja ukibaki mzima, pale haigusi. Jaribio la mwisho ni mafuta ya taa: funga valvu na springi zake, laza hedi kwa ubavu, mimina mafuta ya taa kwenye tundu la manifoldi, pale linapofungwa bomba la hewa au la ekzosi, kavusha uso wa valvu, nenda kanywe chai. Ukirudi uso huo uwe mkavu. Unyevu kidogo ukingoni, saga tena.

Ila mashimo yenye kina usiyafukuzie kwa dawa ya kusagia. Nimeona mtu akisaga siku nzima mpaka valvu ikazama ndani ya hedi. Injini ya dizeli huwaka kwa kuminya hewa, na kila valvu inapozama, nafasi inaongezeka na kompresheni inapungua. Asubuhi ya baridi ya Julai haiwaki. Hedi ya namna hiyo peleka kwa mwenye mashine. Mimi napeleka Masasi, wanachonga siti au wanaingiza mpya, na ninangoja. Wakati hedi iko huko, waambie wapitishe rula ya chuma na fila chini yake waone kama imepinda.

Kurudisha kunakwenda haraka kama kila kitu kina namba. Osha mpaka dawa ya kusagia iishe yote, halafu osha tena, maana chembe zake zikiingia kwenye oili zitasaga beringi kama zilivyosaga valvu. Paka oili kwenye miti. Gasketi mpya, kavu, bila gundi. Nati za hedi kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa awamu tatu, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka namba ya kitabu cha injini hiyo. Kama huna toki renchi, azima. Kwa mkono hutaipata.

Sasa uwazi. Kwenye silinda nne mafundi wana mahesabu ya valvu ipi iangaliwe ipi ikiwa wazi, na wengi wanayaleta kwenye silinda tatu wanachanganyikiwa. Kuna njia isiyokosea kwa injini yoyote. Zungusha kwa mkono mpaka valvu unayotaka kuipima ifunguke kabisa, roka imefika chini mwisho. Weka alama ya chaki kwenye puli. Zungusha mzunguko mmoja kamili, alama irudi ilipokuwa. Kamishafti imekwenda nusu mzunguko, na mgongo wake umegeukia upande wa pili. Valvu hiyo sasa imepumzika kweli. Ingiza fila ya 0.012, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu mpaka fila iteleze ikiwa imeshikwa kidogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu kimoja. Shikilia skrubu kwa bisibisi, kaza nati, pima tena. Karibu kila mara skrubu inakuwa imefuata nati. Kabla ya kurekebisha chochote, andika namba uliyoikuta. Msimu ujao ukikuta valvu moja imetoka 0.012 ikaja 0.006 peke yake wakati wenzake wamekaa, umeshaijua itakayokusumbua.

Umeweka sawa na roka moja bado inalia? Geuza roka uangalie pale inapogusa mti. Ikilika inafanya kishimo cha upana wa mti, na fila ambayo ni pana inalala juu ya kishimo kama daraja. Unapima uwazi wa daraja, chini yake upo mwingine. Kishimo kidogo kinasuguliwa kwa jiwe la kunolea kikawa laini, kikubwa ni roka nyingine. Na kabla ya kufunga kifuniko, washa injini silensa uone oili ikichuruzika kwenye kila roka. Huo uwe mchuruziko tu, usitegemee chemchemi. Roka iliyo kavu ina njia iliyoziba, na itakula shafti yake ndani ya msimu mmoja.

Acha injini ipate moto, zima, iache ipoe mpaka kesho, kaza hedi tena kwa mpangilio ule ule, pima valvu zote upya, kwa sababu hedi ikishuka uwazi unabadilika. Baada ya siku mbili tatu za kulima, rudia kupima.

Mwisho wa msimu, Februari au Machi, mjomba sasa ana kazi mbili. Kila wiki ya pili analiwasha mpaka rejeta liwe la moto, siyo dakika mbili za kuonyesha majirani. Na mdomo wa ekzosi anaufunika kwa kopo la maziwa ya unga. Mara ya kwanza alilisahau, akawasha, kopo likaruka likatua kwenye banda la kuku, na jogoo hakurudi mpaka magharibi. Sasa kopo lina kamba nyekundu inayoning'inia mpaka kwenye usukani.